Staa Wetu Kapiga Picha na Treni ya Ulaya, Kipisi Chetu Nani Atakiokoa?

Wiki iliyopita simu yangu haikupumzika. Picha moja nimetumiwa na watu kumi na mmoja tofauti, na wote kumi na mmoja ni wa kwetu bondeni Kilombero. Nadhani mmeshaiona. Msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina nalihifadhi (ila ukisema tu "yule wa Ifakara" hata bodaboda wa Kibaoni atajua), yuko Uingereza kwenye shoo zake, kasimama mbele ya treni ya zamani ya makaa ya mawe. Koti refu, kofia ya dereva wa treni kaazima, moshi mweupe nyuma yake, na kapsheni inasema ndoto ya utotoni imetimia.

Komenti sasa! Nusu wanamwita mshamba, eti treni tu ndiyo inakupa wazimu hivyo, kwani SGR hujapanda? Nusu nyingine wanawaambia wenzao waache wivu. Dada mmoja aliyewahi kutajwa naye kwenye mambo yetu yale kaweka kaimoji ka kucheka tu, kapata laiki kuliko komenti zote. Kawaida yetu. Lakini katikati ya vurugu zile kuna mtu, akaunti haina hata picha, kaandika hivi: "Kaka, si umekulia jirani na reli? Ya nyumbani uliwahi kuipiga picha?"

Hiyo ndiyo iliyonigusa. Maana na mimi nimekulia hukohuko, na jibu langu ni hapana.

Kwanza tumwache kaka wa watu na koti lake. Wanaomcheka wengi hawajui treni za namna ile zinaendeshwaje. Huko Uingereza nyingi haziko chini ya serikali wala kampuni kubwa. Ziko mikononi mwa vyama vya watu wa kujitolea. Mwalimu, fundi bomba, mstaafu wa benki, mwanafunzi wa chuo. Katikati ya wiki yuko kazini kwake, Jumamosi anavaa ovaroli anakwenda kusugua masizi. Halipwi. Tena analipa ada ya uanachama, yaani unatoa hela yako ndipo uruhusiwe kuchafuka! Na hawakukabidhi treni siku ya kwanza. Unaanza kwa kusafisha, unapanda kuwa mchochea moto, miaka inapita ndipo unaitwa dereva.

Walioanzisha mchezo huu ni watu wa Talyllyn, reli ndogo huko Wales yenye kama kilomita 12, iliyofunguliwa mwaka 1865 kwa ajili ya kubeba mawe ya kuezekea. Mwenye reli akafariki mwaka 1950, kila mtu akajua imekwisha. Mwandishi mmoja, Tom Rolt, na wenzake wakaitisha kikao mjini Birmingham mwezi Oktoba mwaka huohuo, wakaunda chama, na mwaka 1951 treni ikatembea ikiendeshwa na watu wa kujitolea. Ilikuwa reli ya kwanza duniani kuokolewa kwa mtindo huo, na mpaka leo inatembea.

Mnaodhani haya ni mambo ya wazee, nawaletea Harry Potter. Ile treni nyekundu inayopeleka watoto Hogwarts mnaijua wote. Kile kichwa cha treni jina lake halisi ni Olton Hall. Mwaka 1963 kiliondolewa kazini na kuishia kwenye yadi ya chuma chakavu katika mji wa Barry, Wales. Kikakaa pale kinakula kutu hadi mwaka 1981, kilipotolewa na kutengenezwa upya. Halafu siku moja kikaitwa kwenye sinema. Na hakikuwa peke yake: kwenye yadi ile viliokolewa vichwa 213, na vingi viliokolewa na makundi ya watu wa kawaida waliochangishana.

Huku kwetu chuma kikilala siku tatu bila mwenyewe, kimeshapimwa kwa kilo.

Sasa ngoja niwaambie kuhusu Kipisi, maana wa Dar najua mnafikiri TAZARA ni lile jengo la pale makutano na foleni yake.

Mbali na treni kubwa za kutoka Dar kwenda Kapiri Mposhi, Zambia, bondeni tulikuwa na treni yetu fupi iliyotembea kati ya Kidatu na Makambako. Kwenye ratiba ina jina zuri la milima ya Udzungwa, ila sisi hatukuwahi kuliita hilo jina. Ni Kipisi, kwa kuwa inatembea kipande tu cha reli. Mama yangu amenisomesha na Kipisi. Alipanda Ifakara na mchele wake na kambale wakavu, anauza Makambako kwenye baridi, anarudi na viazi, kabichi na maharage. Siku za likizo alinichukua nimlindie mizigo. Mbingu, Mngeta, Chita, Mlimba, kila stesheni ni soko. Treni haijasimama vizuri, ndizi zimeshaingia dirishani, anayenunua anahesabu chenji huku anayeuza anakimbia pembeni ya behewa. Nimeona mkungu wa ndizi umelipwa kwa ahadi ya "nitakupa nikirudi kesho", na kesho yake nimeona ukilipwa kweli.

Ukishatoka Mlimba treni inaanza kupanda. Unaacha joto na mpunga, unaanza milima na mahandaki. Kuna daraja la mto Mpanga limesimama kwenye nguzo tatu za karibu mita 50 kwenda chini. Watoto tulikuwa tunagombania dirisha pale mpaka tunapigwa makofi. Treni ikiingia handakini behewa zima linapiga kelele, halafu ghafla kimya, kila mama kashika mzigo wake, maana giza lile lilikuwa na wenyewe. Mkitoka upande wa pili mnacheka kama wajinga. Wewe staa wetu, najua unanielewa. Na wewe ulipiga kelele humo.

Na hii reli haikuota kama uyoga. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ikawa na shaba na haina njia salama ya kuitoa. Nchi za Magharibi zikasema reli hii hailipi. Nyerere na Kaunda wakaenda kwa Wachina, mkataba ukasainiwa Beijing mwaka 1967, ujenzi ukazinduliwa mwaka 1970, na Julai 1976 reli ikakabidhiwa. Kilomita 1,860, kati ya hizo 975 ziko Tanzania. Maelfu ya Wachina na makumi ya maelfu ya Watanzania na Wazambia walishika sururu. Mang'ula ilikuwa kambi kubwa, na karakana ya mashine ilijengwa palepale.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alibeba kokoto na alikufa akijua maneno mawili tu ya Kichina, moja la kuamkia na jingine sikuambiwa maana yake kwa sababu nilikuwa mtoto. Wachina zaidi ya 60 waliofia kwenye kazi ile wana makaburi yao Gongo la Mboto, na ndugu zao wanakuja kuweka maua. Wamefanya vizuri. Jina la babu mimi sijawahi kuliona popote zaidi ya kwenye kadi yake ya kliniki.

Kwa nini naongea leo? Kwa sababu mwaka 2025 Tanzania na Zambia zimesaini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC, wa karibu dola bilioni 1.4, kuifufua TAZARA: reli irekebishwe, vichwa na mabehewa mapya yaje. Mimi nimefurahi, na sitanii. Reli ile imechoka. Lakini jiulize, kipya kikija cha zamani kinakwenda wapi? Yale mabehewa ya Kichina ya mwanzo, daraja la kwanza watu wanne chumba kimoja, la pili watu sita, yale ambayo wazazi wetu wamelala, wamezozana, na wengine wakapatana humohumo. Hakuna atakayeyachukia. Yatawekwa tu pembeni kwenye nyasi, na siku moja atakuja mtu na mtungi wa gesi ya kukatia chuma. Tuna miaka michache tu, wadau, baada ya hapo tutakuwa tunaomba picha kwa Wachina.

Wazo langu likawa hili: watu wa Kilombero tuunde chama. Tuombe rasmi seti moja ya mabehewa ya zamani na kichwa kimoja, tuyatunze Mang'ula, na siku za wikiendi yatembee hadi Ifakara na Mlimba, yamejaa watalii wa ndani, wanafunzi, maharusi, na hata nyie mnaotafuta pa kupigia picha. Geti la Hifadhi ya Udzungwa liko Mang'ula hapohapo, maporomoko ya Sanje ni jirani. Nikaona nimewaza kitu kizito, nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nikamweleza yote, na Talyllyn, na Harry Potter ambaye ilibidi nimtambulishe upya. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Sasa hiyo treni ya makumbusho inabeba magunia mangapi?"

Daah.

Nilinyamaza kidogo, maana hapo ndipo wazo langu lote lilipokuwa na tundu. Wale wa Wales waliokoa treni ambayo kazi yake ilikuwa imekwisha. Yetu kazi haijaisha. Yuko mama mwingine leo pale Mngeta ana magunia yake ya mpunga na anataka treni ya bei nafuu itakayompeleka sokoni, hataki treni yenye mapazia na muziki laini. Nikienda kichwakichwa na mambo ya urithi, kuna siku mtu wa ofisini atasema bondeni tayari mna treni, ile ya Jumamosi, na Kipisi cha kazi kifutwe kimyakimya. Halafu mimi nitakuwa nimeisaidia hiyo siku ifike, na hashtagi juu.

Na tusijidanganye, treni ya anasa tayari inapita kwetu. Tangu mwaka 1993 kampuni ya Afrika Kusini, Rovos Rail, inaleta treni yake ya kifahari kutoka Cape Town hadi Dar es Salaam. Mabehewa ya zamani yaliyorudishiwa uzuri wake, mbao zinang'aa, behewa la mwisho lina baraza la kukaa na kinywaji. Tiketi ni maelfu ya dola. Nimeiona Ifakara utotoni. Wazungu wanatupungia mkono, sisi tunawapungia, treni inaondoka. Ni treni nzuri sana, siwezi kudanganya. Ila hakuna ndizi hata moja iliyoingia dirishani.

Kwa hiyo nimerekebisha wazo, na naomba mnisome vizuri kabla hamjanirukia. Kitu cha kwanza kinachotakiwa ni Kipisi cha kazi kiendelee, na kwenye huo ufufuaji kipate mabehewa mapya na nafasi ya mizigo ya akina mama. Hilo chama kiliseme kila kikao, hata likichosha masikio. Kisha ndipo tuombe yale ya zamani. Tena tusiyafanye ya kifahari. Yaachwe kama yalivyokuwa, viti vyake na madirisha yake ya kufungua, na siku ikitembea, stesheni zote wauza ndizi waruhusiwe kusogea dirishani. Mtalii akitaka kuiona TAZARA, aione na kelele zake.

Kuna wataosema treni ya kihistoria lazima itoe moshi. Hapana. TAZARA ilianza na dizeli tangu siku ya kwanza, na historia yake ndiyo hiyo. Wanaotaka moshi wapande basi hadi Nairobi, kwenye makumbusho ya reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Kule kuna majitu ya mvuke ya miaka ya 1950 yaliyotengenezwa Manchester, kila moja lina jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mawili maarufu yaliyobaki yanaitwa Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai iko kule Ziwa Natron, Shengena iko Upareni. Yaani milima ni yetu, ukitaka kuona treni zake unavuka mpaka na kulipa kiingilio Kenya! Siwalaumu Wakenya hata kidogo. Wao walitunza.

Mahali pa kutunzia sisi tunapo. Mbali na Mang'ula kuna Kidatu, ambako reli mbili zinakutana na haziwezi kuingiliana: ile ya kutoka Kilosa ina upana wa milimita 1,000 na ya TAZARA ina 1,067. Mzigo ukifika hapo lazima uhamishwe. Milimita 67 tu, kama upana wa simu yako. Mchukue mtoto wa shule pale, mwambie reli hii ni ya Mjerumani na Mwingereza, hii tumejenga wenyewe na rafiki, halafu mwache apime kwa rula. Hatahitaji kitabu.

Hela? Nilijua mtauliza. Jamani, sisi ni taifa la kamati za harusi. Kuna harusi moja Dar mwaka jana (na mhusika ni mtu anayejulikana, nyamaza tu) ukumbi peke yake ulikula hela ambayo ingepaka rangi behewa zima na kushona viti vyote. Tunajua kuchangishana, tunajua kufuatilia aliyeahidi akazima simu, tunajua kutunza daftari. Tatizo letu halijawahi kuwa uwezo wa kuchanga. Ngumu zaidi ni kibali: reli ni ya nchi mbili, na huwezi kutembeza treni ya mtaani kwako kwenye njia yenye treni za shaba bila ruhusa, bima, dereva mwenye leseni na ratiba inayoheshimiwa. Hilo ndilo la kuanza kulizungumza sasa hivi, wakati mikataba bado ina wino mbichi, kabla kila kipande cha chuma hakijaandikiwa mwenyewe.

Na hapo ndipo nakurudia wewe kaka staa. Sikucheki kofia. Imekupendeza. Wewe ukiposti "nataka behewa moja la zamani libaki Kilombero" watu milioni wataona kabla chai haijapoa, na mtu wa ofisini atapigiwa simu na mkubwa wake. Mimi nikiandika nasomwa na nyie mia chache na shangazi yangu. Video yako ijayo ipige ndani ya behewa lile, Chita au Mlimba, na akina mama wa kweli na mizigo ya kweli, uwalipe. Meneja wako akisema haina hadhi, mwonyeshe hiyo picha ya Uingereza, idadi ya laiki anaijua.

Mama nilimpigia tena jana kumsomea haya. Hakukubali yote. Bado anaona Jumamosi ni siku ya soko na treni ya kutembeza watu itamaliza nafasi stesheni. Ila alisema kama tutaliweka hilo behewa, pale ukutani tusiandike marais peke yao. "Tuandikeni na sisi wa ndizi. Na babu yako."

Haya, tuanze na kidogo. Mwenye picha yoyote ya Kipisi, ya stesheni, ya mzazi wake akiwa ndani ya behewa, hata kama imekunjika, aipige kwa simu na kuitupia hapo chini kwenye komenti, aandike na mwaka kama anaujua. Ya kwangu naweka sasa hivi. Ni mama, Mlimba, kanga ya kijani, kageuka maana mtu kamwita, na kwenye kona ya kulia kuna mkono wa mtoto umeshika gunia. Mtoto ni mimi. Treni yenyewe haikuingia kwenye picha.